Umeme wa hi-fi nyumbani Uganda: tibu volti kabla ya kununua kichujio

Visanduku vingi vya kusafisha umeme wa hi-fi vimebuniwa kwa nchi ambako volti ya soketi haiyumbi. Mtu wa Ujerumani au Uingereza hununua kichujio cha bei kubwa ili apunguze kelele ndogo za masafa ya juu, kwa sababu matatizo makubwa hana. Huku kwetu, iwe Kampala, Wakiso, Mukono au Mbarara, ugonjwa ni mwingine: volti inalegea jioni, inapanda watu wakishalala, radi inapiga karibu na nguzo, na mara nyingine nyutro ya laini inakatika. Kichujio hakitibu hata kimoja kati ya hivyo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye amplifaya nzuri si kichujio kipi anunue. Ni umeme wake unaumwa nini.

Umeme wetu umekusudiwa kuwa 240 V, 50 Hz. Amplifaya ya kawaida ina transfoma, rektifaya na kapasita kubwa, na hatua yake ya mwisho haina kidhibiti cha volti. Volti ya ndani hupanda na kushuka pamoja na ya soketi. Soketi ikifika 190 V, volti ya ndani imebaki asilimia 79, na kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa volti, amplifaya ya wati 100 inabaki na wati 63 hivi. Hiyo ni desibeli 2 tu, wengi hawataisikia. Ubaya uko kwenye hatua ndogo: priamplifaya, hatua ya foni (inayokuza ishara ndogo ya santuri), DAC (kigeuzi cha sauti ya dijiti kuwa analogi). Hizo mara nyingi hutumia vidhibiti vya volti kama 7815, ambavyo vinahitaji takriban volti mbili zaidi ya zile 15 vinazotoa. Volti ya kuingia ikishuka chini ya 17 kwenye mabonde ya mawimbi, mtetemo wa 100 Hz unapenya moja kwa moja hadi kwenye sauti. Ndiyo maana kuna mifumo inayonguruma saa mbili usiku na kunyamaza asubuhi, huku mwenyewe akibadilisha nyaya za spika bila mafanikio.

Kuna jambo la pili ambalo mita ya kawaida haioni. Taa za LED, chaja na televisheni za mtaa mzima huvuta mkondo kwenye kilele cha wimbi tu, kwa hiyo kilele kinabonyea. Wimbi safi la 230 V lina kilele cha 325 V. Likibonyea hadi uwiano wa kilele kwa volti ya mita ukawa 1.36 badala ya 1.414, kilele ni 313 V. Kapasita za amplifaya hujazwa na kilele, kwa hiyo ndani umepoteza asilimia 4 nyingine ingawa mita bado inasoma 230.

Pima kabla hujatoa pesa

Tafuta malitimita ya true RMS (inayosoma sawasawa hata wimbi lililobonyea) yenye kitufe cha Min/Max. Iache kwenye soketi ya hi-fi kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tano usiku, siku ya kazi na siku ya Jumapili. Kisha chukua birika la umeme la wati 2,000, liwashe kwenye soketi hiyo hiyo, upime mara tatu: fezi na nyutro, nyutro na arthi, fezi na arthi.

Nyutro na arthi zikionyesha volti 1 hadi 3 birika likiwaka, hali ni ya kawaida. Zikiruka kupita 10, kuna kiungo kilicholegea kwenye nyutro au arthi yako haifanyi kazi. Halafu linganisha volti ya bodi ya brekari na ya soketi, birika likiendelea kuchemka. Waya wa shaba wa 2.5 mm² hupoteza milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita, hesabu hiyo ikijumlisha kwenda na kurudi. Birika linavuta ampea 8 na kitu. Kwa mita 20 upotevu ni volti 3. Ukikuta 10 au 12, usihangaike na kisanduku chochote. Kuna skrubu iliyolegea, au kiungo kilichosokotwa na kufungwa tepu ndani ya ukuta, na hicho ni chanzo cha moto kabla hakijawa chanzo cha kelele. Kufungua bodi ni kazi ya fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme, si ya mpenda muziki mwenye bisibisi.

Tiba ya nyaya ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: laini moja ya 4 mm² kutoka kwenye bodi hadi chumba cha muziki, brekari ya ampea 20, hakuna kiungo njiani, soketi mbili au tatu za 13 A zenye skrubu za kubana vizuri. Upotevu unashuka hadi milivolti 11 kwa ampea kwa mita.

Kisha arthi. Kipande kifupi cha shaba kilichochomekwa kwenye murram kavu kando ya ukuta kinaweza kuwa na ukinzani mkubwa sana mwezi wa Januari, hata kama wakati wa mvua kilipimwa kikawa kizuri. Tumia fimbo ya milimita 16, urefu usiopungua mita 1.2, mahali palipo na unyevu. Ikibidi ongeza ya pili kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo yenyewe, uziunganishe kwa shaba ya 16 mm². Chumvi hushusha ukinzani kwa muda kisha inaila fimbo, bora bentonaiti (udongo unaoshika maji). Pima kwa kipimo cha arthi wakati wa kiangazi. Chini ya ohmu 10 ni lengo zuri.

Ile tabia ya kusukuma kijiti au kifuniko cha kalamu kwenye tundu la arthi ili plagi ya pini mbili iingie, iache kabisa. Pini nyembamba hazishiki vizuri ndani ya soketi ya pini bapa, zinachemka, na kila mguso mbovu hutoa cheche ndogo zinazosikika kwenye hatua ya foni. Kata plagi hiyo, weka ya pini tatu yenye fyuzi inayolingana: 3 A kwa vifaa vidogo, 13 A kwa amplifaya kubwa. Na kama mfumo unavuma, usikate arthi ya amplifaya ili inyamaze. Mvumo wa 50 Hz unaokuja mara unapounganisha dekoda ni mzunguko wa arthi kupitia waya wa dishi. Chomoa waya wa dishi, na mvumo ukiisha, tafuta kitenganishi cha waya huo. Hakuna kifaa cha kuzalisha umeme upya (tutakifikia mbele), cha bei yoyote ile, kinachoondoa mvumo huo.

Volti iliyopita kiasi na radi si kitu kimoja

Hapa ndipo vifaa vingi huungua. Mruko wa radi ni maelfu ya volti kwa sehemu ndogo ya milisekunde. Nyutro ikikatika kwenye laini ya fezi tatu ni jambo tofauti: nyumba moja inaweza kupata volti zinazokaribia 415 na kukaa hivyo dakika kadhaa, huku jirani akibaki na 90.

Ekstensheni zinazoitwa za kinga zina varista, kipande kinachonyonya mruko wa volti. Ile ya 275 V, kwa mfano 20D431K, huzuia mruko wa ampea 100 kwenye takriban 710 V. Hiyo ni kazi nzuri dhidi ya mruko mfupi. Dhidi ya 300 V za dakika tano haizuii chochote. Inachemka yenyewe, na isipokuwa na fyuzi ya joto pembeni inaweza kuwaka. Kwa umeme wetu unaopanda usiku napendelea varista ya 320 V, yaani 20D511K, ikiwa na fyuzi ya joto, na kazi ya kukata volti ndefu ifanywe na kifaa kingine.

Kifaa hicho ni rilei ya volti ya juu na chini inayokaa kwenye bodi, ya ampea 40 au 63. Ipange ikate ikipita 260 V, ikate ikishuka chini ya 180 V, na isubiri dakika mbili au tatu kabla ya kurudisha. Kwa wasioweza kugusa bodi, vifaa vya AVS vya Sollatek na vingine vya namna hiyo, ambavyo wengi tunavijua kama vya kulinda friji na TV, hufanya kazi ile ile kwenye soketi moja. Angalia ampea zake zisizidiwe. Kusubiri huko ni muhimu, maana umeme unaporudi baada ya kukatika, dakika ya kwanza ndiyo yenye miruko.

Kwa radi, weka kinga ya Aina ya 2 kwenye bodi, na urefu wa nyaya zake zote kwa jumla usizidi nusu mita. Waya wa mita moja una takriban mikrohenri moja, na mkondo wa radi unaopanda kiloampea moja kwa mikrosekunde huongeza volti 1,000 kwenye mita hiyo. Kinga nzuri yenye waya mrefu uliozungushwa kwa unadhifu ni kinga iliyopotea. Watu wa kandokando ya Ziwa Victoria wanajua ngurumo zinavyokuja: ukiisikia, chomoa plagi, waya wa dishi na waya wa intaneti. Vyote vitatu.

Stabilaiza

Stabilaiza ya rilei hubadilisha ngazi za transfoma kwa kishindo. Kila kubofya ni pengo la milisekunde kadhaa na ngazi ya volti nyingi kwa mpigo, na kwenye spika nyeti unasikia "tak". Ya sevo, yenye mota inayosogeza brashi ya kaboni juu ya koili, ni laini zaidi na hushikilia volti ndani ya asilimia chache. Lakini ukiwa karibu na karakana ya kuchomelea milango ya chuma, au na mashine ya kusaga mahindi, sevo hufika imechelewa: volti inashuka, mota inaanza kupandisha, mchomeleaji anaachia, na kwa muda mfupi stabilaiza inakupa volti nyingi kuliko ile ya laini. Brashi inaisha, vumbi linaingia, koili inaungua sehemu moja. Isafishe na uikague angalau mara moja kwa mwaka.

Aina zote mbili hurekebisha ukubwa tu. Wimbi lililobonyea linatoka limebonyea vilevile, na masafa hayaguswi.

Kichujio, transfoma ya kutenganisha, na kizuizi cha DC

Kichujio kina nafasi yake, hasa dhidi ya uchafu wa chaja na inveta za bei ndogo. Kilicho bora kina koili ya pamoja ya fezi na nyutro, kapasita ya X2 ya mikrofaradi 0.1 hadi 0.47 kati ya fezi na nyutro, kapasita za Y za nanofaradi 2.2 hadi 4.7 kwenda arthi, na rezista ya kuondoa chaji. Bila arthi ya kweli, kapasita za Y huweka nusu ya volti ya umeme kwenye bodi ya chuma ya kifaa. Ndiyo ile hali ya kuwashwa vidole unapogusa amplifaya. Sehemu zote ni rahisi kupatikana na bei yake haina uhusiano na vile visanduku vya alumini vinavyong'aa.

Transfoma ya kutenganisha ya 1:1 yenye ngao ya shaba iliyoungwa na arthi huondoa kelele za pamoja (zinazopita kwenye fezi na nyutro kwa mpigo mmoja) vizuri kuliko kichujio. Nunua yenye uwezo mara mbili ya mzigo, kwa sababu ndogo huongeza ukinzani na kubana amplifaya. Inapowashwa huvuta mkondo mkubwa wa ghafla, kwa hiyo brekari ya Aina ya B itaanguka. Weka C au D, au saketi ya kuanza polepole yenye rezista ya ohmu 50 ya waya na rilei inayoiruka baada ya sekunde moja.

Kama ni transfoma yenyewe ndani ya amplifaya inayovuma, na si spika, mara nyingi ni DC kidogo kwenye laini. Vikaushia nywele vya saluni vinapowekwa moto nusu huvuta upande mmoja wa wimbi kupitia diodi moja, na transfoma ya duara haivumilii hilo. Dawa ni kizuizi cha DC: daraja la diodi la ampea 35 kama KBPC3510, pini zake za plasi na minasi zikiungwa pamoja, na kati ya pini zake mbili za AC kuna kapasita mbili za mikrofaradi 22,000, 16 V, zilizounganishwa mfululizo kwa kupingana. Zote hizo hukaa mfululizo kwenye waya wa fezi ndani ya kasha lililofungwa. Diodi huzuia kapasita zisipate zaidi ya volti 1.4. Ukitumia kapasita ndogo, tuseme 4,700, diodi zitafunguka kwa mzigo wa kawaida na kizuizi hakitazuia kitu.

Kuzalisha umeme upya

Sasa tumefika kwenye tiba yenyewe. Kuzalisha upya maana yake ni kuugeuza umeme wa laini kuwa DC, kisha kutoka hapo kutengeneza wimbi jipya la saini, lenye volti na umbo lake. P300 ya PS Audio ilikuwa hivyo hasa: amplifaya ya wati 300 inayocheza wimbi moja tu. Ilikuwa nzuri na ilikuwa jiko. Accuphase walichagua njia nyingine: wanalinganisha wimbi linaloingia na wimbi safi, kisha wanaongeza au kupunguza tofauti peke yake, na joto linapungua sana. Ukiagiza kimojawapo kutoka nje, hakikisha ni toleo la 230 V, na usome volti ya chini kabisa kinayokubali kuingia. Kifaa kinachozima jioni volti inapolegea hakina faida kwetu.

Kwa maoni yangu, kwa nyumba nyingi za Uganda kifaa sahihi ni UPS ya onlaini ya ubadilishaji mara mbili, ile yenye daraja la VFI katika kiwango cha IEC 62040-3. Ni kizalishi upya kilekile, kimetengenezwa kwa ajili ya kompyuta. Nyingi hukubali volti kuanzia 110 hadi 300 hivi kwa mzigo wa nusu, na kutoka karibu 176 kwa mzigo kamili. Upande wa pili unapata 230 isiyotikisika. Usichanganye na UPS ya VI (line-interactive), ambayo wauzaji huiita "smart": hiyo hupitisha umeme wa laini kama ulivyo na kubofya rilei. Alama za ya kweli ni muda wa kuhama wa milisekunde 0 na feni inayozunguka wakati wote.

Ukubwa. Amplifaya ya daraja AB ya wati 100 kwa kila upande huvuta mkondo kwa miruko, si kwa ulaini. Wastani wa wati 300 unaweza kuwa VA 500, na vilele vya ampea 6 au 7. UPS ya 1 kVA ina ampea 4 na kidogo, na kilele cha mara tatu ya hapo, karibu 13. Inatosha kwa spika za ohmu 8 na sauti ya kistaarabu. Kwa ohmu 4 chukua 2 kVA. Amplifaya ya daraja A, au subwufa juu yake, inataka 3 kVA. Soma upotoshaji wa wimbi kwa mzigo usio laini (non-linear, kama amplifaya), maana ule wa mzigo laini ndio unaochapishwa kwa herufi kubwa. Asilimia 5 ni kikomo cha kukubalika.

Mambo yanayoharibu faida yake:

Modi ya ECO. Ikiwa imewashwa, UPS hupitisha umeme wa laini kupitia baipasi, yaani njia ya pembeni isiyozalisha wimbi jipya, ili kuokoa nishati. Izime.

Mzigo kupita kiasi. Transfoma ya duara ya VA 500 ikiwashwa hupiga mkondo mkubwa kwa nusu wimbi, na UPS ndogo hurukia baipasi. Saketi ya kuanza polepole inatibu hilo. Washa vyanzo kwanza, amplifaya mwisho. Kuzima ni kinyume.

Feni. Weka UPS stoo au koridoni, lete laini ya 4 mm² hadi chumba cha muziki. Usiifungie kwenye kabati: betri za risasi zilizofungwa hupoteza karibu nusu ya maisha kwa kila nyuzi 10 juu ya 25.

Kelele ya swichi. Inveta yake hukata kwa karibu kHz 20, na mabaki hutoka. Kichujio kile tulichokisema, kikiwekwa baada ya UPS, hapo ndipo kinapolipa bei yake.

Nyutro. UPS nyingi hupitisha nyutro moja kwa moja. Ukichomoa plagi ya kuingia ikiwa kwenye betri, nyutro inaelea na arthi inapotea kabisa. Izime kwa swichi, plagi iache mahali pake.

Hasara ya kudumu pia ihesabu. UPS ya 3 kVA inayopoteza wati 80 bila kazi, ikiachwa mchana na usiku, inakula karibu uniti 58 za Yaka kwa mwezi. Izime usiposikiliza.

Wenye sola wana njia nyingine, lakini wengi wanadhani tayari wanayo. Inveta za haibridi, zikiwa na umeme wa laini, kwa kawaida huupitisha tu. Victron MultiPlus hufanya hivyo, na zile za Growatt SPF hufanya hivyo zikiwa kwenye modi ya laini. Wimbi jipya unalipata inveta inapotoa kutoka kwenye betri: MultiPlus iwekwe kwenye hali ya inveta pekee, Growatt kwenye SBU (sola kwanza, kisha betri, laini mwisho). Mfumo wa wati 150 kwa saa tano ni Wh 750. Ongeza wati 50 za inveta yenyewe, unapata kWh 1. Betri ya LiFePO4 ya 24 V, Ah 100 inatosha na kubaki. Inveta iwe ya saini safi. Ile ya ngazi huchemsha transfoma na kuzifanya zivume.

Mwisho, wenye santuri. Meza zenye mota ya sinkronosi hufuata masafa ya umeme. Jenereta ikishuka hadi 48 Hz, sahani ya 33⅓ inazunguka mara 32 kwa dakika, na muziki unashuka kwa zaidi ya nusu ya semitoni. UPS ya onlaini inaweza kulitibu hili, ila ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani hufuata masafa ya laini ndani ya dirisha fulani, mara nyingi 46 hadi 54, ili iwe tayari kwa baipasi. Ingia kwenye menyu, chagua modi ya kubadili masafa, inayoandikwa CF, ufunge 50 Hz. Katika modi hiyo baipasi haipo na uwezo wa UPS hupungua kwa robo au zaidi, kwa hiyo hesabu ya ukubwa ifanywe upya.